Nilimwagia Mafuta Barua ya Samurai, Mzee wa Watu Akabeba Kosa Langu

Nisikilize, na tafadhali usinikatize, maana nikinyamaza kidogo tu nitakosa nguvu ya kuendelea. Mimi ndiye niliyemtoa mzee wa watu nyumbani kwake. Si ugonjwa, si uzee, si binti yake. Ni mimi huyu, na Biblia yangu kwenye mkoba.

Kanisani wanadhani niliacha kazi kwa sababu ya mgongo. Uongo mtupu! Mgongo wangu ni mzima kabisa.

Ni Mkenya, naishi Brooklyn Park hapa Minnesota, mama wa watoto wawili ambao nikiwaongelesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa ile ambayo nusu yetu hapa tunaifanya, kutunza wazee majumbani mwao. Unamwamsha mtu, unamwogesha, unampa dawa, unampikia, unaandika kwenye daftari la shifti yote uliyoyaona, halafu unaenda zako. Nilifanya hivyo miaka tisa na sikuwahi kupewa onyo hata moja. Nilijivuna sana kwa hilo.

Kanisani nako nilikuwa kiongozi wa maombezi. Mtu akiwa na jambo zito anaambiwa, mtafute mama fulani, yule hufunga siku tatu bila hata maji. Wueh! Kichwa kikavimba. Nikaanza kuona mapepo hata mahali ambapo pana vumbi tu.

Huyo mzee nitamwita Mzee Kenji, si jina lake. Alikuwa na miaka themanini na minane, Mjapani aliyekuja Minnesota akiwa kijana na kufanya kazi ya uhandisi mpaka akastaafu. Mke wake alikuwa amefariki. Aliishi peke yake kule mji wa Savage, nyumba ndogo ya kijivu ambayo ukisimama kwenye dirisha la jikoni unaona maghala ya nafaka kando ya mto. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mguu mmoja mzito, lakini akili? Jameni, akili ilikuwa wembe. Alijua dawa zake zote kwa majina na saa. Nikichelewa dakika kumi kwa sababu ya theluji barabara ya 169, ananiambia, "Leo barabara imekula dakika kumi zangu." Halafu anacheka.

Tulipendana, sitaki kudanganya. Nilimwambia kwetu mtu wa umri wake haitwi jina, anaitwa Mzee. Akafurahi, akawa hataki nimwite kitu kingine. Mimi nilimtania kwamba chai yake ya kijani bila maziwa ni maji ya mgonjwa. Yeye alinitania kwamba chai yangu ni supu. Tuliongea Kiingereza, lakini hapa nitayaweka maneno yake kwa Kiswahili ili unielewe vizuri.

Sasa sikia mambo yalivyoanza.

Asubuhi moja, theluji ikiwa imefika magotini, nilimkuta ameshaamka na kuvaa shati jeupe. Alikuwa amenawa mikono. Mbele yake mezani palikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani yake karatasi ndefu iliyokunjwa, imeandikwa kwa wino mweusi kutoka juu kwenda chini. Akainama mbele ya ile karatasi. Akaisoma kwa sauti, polepole, kwa Kijapani. Akainama tena.

Damu yangu ikasisimka. Nikajiambia, haya, leo tumefika.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Ni barua ya baba yake babu yangu. Alikuwa samurai. Naisoma mara moja kwa mwaka. Kaa chini, nitakuambia. Hakuna mtu mwingine nimewahi kumwambia."

Nikakaa. Akaniambia kwamba zamani, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, Wajapani walikuwa wamelazimishwa kufungua bandari zao kwa wageni. Meli za Wazungu zikaanza kuingia. Samurai wengi walikasirika, wakaona nchi yao inakanyagwa, na wengine walikuwa wakiwavizia wageni barabarani na kuwakata kwa panga. Wageni nao wakiuawa mmoja, wanaleta manowari na mizinga.

Baba yake babu yake alikuwa kijana wa miaka ishirini, aliyewekwa pamoja na wenzake kulinda mji mmoja wa bandari. Siku moja mabaharia Wafaransa wakashuka pwani. Wakatembea mjini kama watu walio sokoni kwao. Watu wakaogopa, wakafunga milango. Walinzi wakajaribu kuwarudisha, lakini nani aelewe lugha ya nani? Mara baharia mmoja akanyakua bendera ya wale samurai, akakimbia nayo.

"Bendera tu, Mzee?"

"Bendera tu," akasema. "Kijana wa miaka ishirini na bunduki mkononi hajui neno 'tu'."

Wakapiga risasi. Wafaransa kumi na mmoja wakafa, wengine majini wakijaribu kurudi kwenye mashua yao. Walikuwa hawana silaha za maana. Mzee alisema hivyo akitazama mikono yake.

Wafaransa wakadai watu ishirini wauawe. Waliokiri kufyatua risasi walikuwa zaidi ya hao, kwa hiyo wakapiga kura mbele ya mahali pao pa kuabudia. Baba yake babu yake akatoa mkono, akachukua kikaratasi, kikaratasi kikasema kifo. Wakapelekwa kwenye hekalu, wamevaa mavazi safi, na nahodha wa Kifaransa amekaa mbele yao ashuhudie. Wakaitwa mmoja mmoja kwa jina. Anayeitwa anapiga magoti, anajipasua tumbo kwa mkono wake mwenyewe, na mwenzake aliyesimama nyuma anamkata kichwa kumpunguzia mateso.

Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mpaka wa kumi na mmoja!

Hapo nahodha akasimama. Hakuweza tena. Akasema basi, inatosha, akaondoka na watu wake. Waliobaki wakiwa wamekaa pale kwenye mkeka wakisubiri kuitwa, walikuwa tisa. Baba yake babu yake alikuwa mmoja wao.

"Kwa hiyo mimi nipo hapa Savage," Mzee akasema, "kwa sababu Mfaransa mmoja alishindwa kuendelea kutazama."

Hao tisa walihamishwa mbali, baadaye wakasamehewa. Yule kijana akaoa, akazaa, akazeeka. Uzeeni ndipo akaandika barua ile. Mwandiko wake ulikuwa wa kale, hata Wajapani wa leo wengi hawauwezi. Mzee alifundishwa kuusoma na babu yake, mstari kwa mstari. Hakukuwa na nakala. Binti yake, ambaye nitamwita Emi, alizaliwa hapa hapa na hajui kusoma Kijapani hata cha kawaida.

"Emi anakuja Jumamosi ijayo kutoka Chicago," akaniambia. "Nitamsomea na kumtafsiria, atarekodi kwenye simu. Nimengoja sana. Nilikuwa naona aibu kumpa mtoto kitu kama hiki."

Mtu mwenye akili angesikia nini hapo? Angesikia baba anataka kumwachia mwanawe ukweli wa ukoo wao. Mimi nilisikia damu. Nilisikia kura, hekalu, watu kujitoa uhai, na mzee anayeinamia karatasi. Nikakumbuka alikuwa ameanguka bafuni mara mbili mwezi huo. Nikakumbuka kwamba mke wake alikufa kwa kansa. Nikajumlisha mwenyewe nikapata jibu langu: laana ya ukoo!

Nilipotoka kazini nikampigia Mama Brayo, mwenzangu wa maombi, nikiwa kwenye gari. Sikumtajia jina la Mzee, lakini mengine yote niliyamwaga.

"Aki dada," Mama Brayo akasema, "hiyo karatasi ni agano. Damu ya watu ishirini na wawili inalia humo. Na sasa anataka kumrithisha binti?"

"Jumamosi," nikasema.

"Basi wewe Mungu hakukupeleka hapo kuosha vyombo. Amekupeleka uvunje. Paka mafuta kabla haijapokelewa."

Sitamlaumu Mama Brayo. Yeye alisema, mkono uliofanya ni wangu. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya upako, mafuta ya zeituni tu ya dukani ambayo tulikuwa tumeyaombea mkesha mzima. Nikaitia mkobani kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha! Nilijiona kama mtu aliyetumwa.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Mzee alilala kama kawaida yake. Nikafungua kile kisanduku. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni upako. Nilitaka kuweka tone moja tu kwenye kona. Haki ya Mungu, tone moja! Lakini kile kifuniko kilikuwa legelege, nilipoinamisha chupa kikatoka, na mafuta yakamwagika katikati ya barua.

Umewahi kuona mafuta yakiingia kwenye karatasi kuukuu? Hayangoji. Yalienea mpaka maandishi ya nyuma yakaonekana mbele, mistari juu ya mistari. Nikafuta kwa kitambaa, yakaenea zaidi. Nikaanza kusema damu ya Yesu, damu ya Yesu. Kumbe wakati huo nilihitaji tu kuacha!

Sikuacha. Sisi tunaofanya kazi hizi tuna dawa moja ya kila doa, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Nikaipeleka barua kwenye sinki. Nikaikanda taratibu kama ninavyokanda kola ya shati. Karatasi ikalainika mikononi mwangu ikawa kama uji. Kipande kikatoka, kingine kikatoka. Maandishi ya mtu aliyeponea chupuchupu kwenye mkeka wa kifo yakabaki kama ugoro kwenye kichujio cha sinki.

Nilikusanya vipande nikavibananisha na taulo ya karatasi, nikavirudisha sandukuni vikiwa bado na unyevu. Nikafunga. Nikakaa jikoni nikilia kimya kimya.

Na bado hapo sikuwa nimetenda dhambi kubwa, unajua? Mpaka hapo ilikuwa ni ujinga. Ningeingia chumbani nikapiga magoti nikasema, Mzee nimekosa, angelia, angenifokea, labda angenifukuza. Lakini yangeishia hapo.

Nilichofanya ni kuchukua kalamu.

Kazini kwetu tunafundishwa kwamba ambacho hakikuandikwa hakikutokea. Kumbe na kinyume chake ni kweli, ukiandika jambo basi limetokea. Nikafungua daftari la shifti nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba leo mteja alionekana kuchanganyikiwa, alimwaga mafuta ya kupikia kwenye karatasi zake akajaribu kuziosha, nimemsaidia kusafisha. Nikatia saini. Nikaweka na saa.

Nilisema moyoni nitamwambia kabla ya Jumamosi. Alhamisi ikapita. Ijumaa alinipikia! Alisimama na kigongo chake akanitengenezea wali na mayai, akisema anafanya mazoezi ya kumpikia Emi. Alikuwa anarudia rudia maneno ya Kiingereza peke yake, akitafuta atatafsiri vipi sentensi fulani ngumu. Hakufungua kisanduku. Nadhani alikuwa ameshaisoma barua kwa mwaka huo, anangoja siku yenyewe. Nilikula ule wali. Nikamaliza sahani nzima.

Jumamosi Emi akaja. Mama wa miaka hamsini hivi, mpole, ameleta maua. Akaweka simu mezani, akawasha kurekodi. Mzee amevaa shati jeupe. Amenawa mikono. Mimi nimesimama kando ya friji kama askari jela.

Akafungua kisanduku.

Sitaki kueleza uso wake. Harufu ya mafuta ilitoka kwanza, na ukungu ulikuwa umeanza. Mzee alitia vidole, akagusa, akavitoa.  Emi ndiye aliyeruka.

"Baba! Hii ni nini? Nini kimetokea?" Kisha akanigeukia. "Wewe unajua?"

Nafasi hiyo hapo. Mungu alinipa nafasi mbele ya macho yangu, ya neno moja tu. Nami nikasema, "Iko kwenye daftari."

Emi akasoma maandishi ya Jumatano kwa sauti, yote, mpaka saini yangu. Alipofika kwenye neno "kuchanganyikiwa" sauti ikamkatika.

Mzee akainua macho akanitazama. Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo shida. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayengoja basi. Friji ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Nikatazama viatu vyangu.

Basi akasema, "Ndiyo. Ni mimi. Nilimwaga mimi."

Na mimi nikanyamaza! Mimi kiongozi wa maombezi, mimi mfungaji wa siku tatu, nikanyamaza kimya nikamwacha mzee wa miaka themanini na minane abebe uongo wangu mbele ya mtoto wake.

Kilichofuata ndicho kinachoniamsha. Mzee alijaribu kumwambia Emi yaliyoandikwa. Alikuwa nayo kichwani, si alisoma kila mwaka tangu utoto? Akaanza, "Barua inasema hivi..." Lakini Emi alikuwa ameshazima simu. Alimshika mkono akamtikisia kichwa kama unavyomtikisia mtoto anayekusimulia ndoto. "Sawa, Baba. Pumzika kwanza. Tutaongea ukiwa sawa." Mzee akajaribu tena. Emi akasema, "Pumzika, Baba." Mzee akaacha.

Tangu hapo neno lake likawa halina uzito. Akisema amekula, Emi ananipigia kuniuliza kama kweli amekula. Daktari alimpima akasema kumbukumbu ni nzuri kwa umri wake, lakini daftari lilikuwa limeshasema, na mafuta na jiko na mzee anayeishi peke yake, nani angelala usingizi? Hata mimi ningekuwa Emi ningefanya vile vile. Kabla theluji haijaisha Mzee akahamishiwa nyumba ya wazee huko Burnsville, chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari.

Nilienda kumwona mara tatu. Mara ya tatu nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, kwa nini ulisema ni wewe? Ulikuwa unaniokoa?"

Akasema, "Hapana. Nilikuwa nangoja useme si kweli. Nikaona unahitaji msaada wa kuanza, nikasema uongo mkubwa ili uupinge. Nilidhani utaupinga."

Yesu wangu! Nililia mpaka nesi akachungulia. Nikamwahidi, nitamwambia Emi wiki hii. Akaniambia, "Mwambie kwa mdomo. Sisi katika ukoo wetu tuliandika, tazama tumefika wapi." Akatabasamu kidogo. Bado alikuwa na utani wake!

Wiki hiyo nikaambiwa kuna shifti za ziada. Wiki iliyofuata mtoto wangu akaugua mafua. Nilikuwa na simu ya Emi mfukoni siku zote hizo. Kila nikiigusa nilikuwa naona leseni yangu ikienda, ninaona kanisa likinong'ona. Nikasema kesho. Kesho yangu ikafika wiki ya tano.

Wiki ya tano Mzee akapata kiharusi cha pili. Hakufa. Yuko hai mpaka leo ninapoandika haya, anakula, anashika mkono wa mtu. Lakini hasemi tena. Kiingereza kimeondoka, Kijapani kimeondoka, chote.

Hapo ndipo nilipoenda. Emi alikuwa kwenye nyumba ya Savage akifunga vitu kwenye maboksi, maana ilikuwa imeshauzwa. Nilisimama mlangoni bila kuvua koti nikamwambia yote. Chupa, sinki, kalamu, kila kitu. Sikujitetea. Kwa mara ya kwanza sikumtaja Mungu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja.

"Aliposema ni yeye, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapo. Kando ya friji."

Akapatazama mahali pale. Friji yenyewe ilikuwa imeshatolewa.

"Karatasi ningekusamehe," akasema. "Ilikuwa karatasi."

Nikageuka kuondoka, nikijua nimeshahukumiwa na ni haki yangu. Lakini akaniita.

"Kaa chini. Umesema wewe ndiye mtu pekee Baba aliyewahi kumwambia. Niambie."

Akaweka simu juu ya boksi, akawasha kurekodi.  Mtu ambaye ana kila sababu ya kunitemea mate alikuwa ananiomba.

Nikamwambia. Mabaharia, bendera, risasi. Kura. Hekalu, mmoja mmoja mpaka wa kumi na mmoja, nahodha akisimama. Alikuwa analia lakini anasogea karibu, kama mtu mwenye njaa. Nikamwambia ule mstari wa baba yake kuhusu Mfaransa aliyeshindwa kutazama. Akacheka na kulia pamoja, akasema, "Huyo ni yeye kabisa."

Halafu akauliza, "Na barua? Huyo ni Baba anasimulia historia. Barua yenyewe ilisema nini? Alinusurika, akazeeka, akaketi akaandika. Aliandika nini?"

Nikafungua mdomo.

Mzee alinitafsiria ile barua asubuhi ile, ndugu yangu. Yote! Baada ya kumaliza hadithi ya hekalu, alikunjua karatasi akanipitisha mstari kwa mstari kwa kidole chake, labda robo saa nzima. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikiitikia "mm, mm." Lakini moyoni nilikuwa nakemea. Tangu alipokunjua ile karatasi nilikuwa nimefunga masikio ya ndani, nikikemea mapepo ya Japani kwa jina la Yesu, nikijikinga nisiambukizwe. Sauti yake ilikuwa inapita juu yangu. Mtu alikuwa ananipa kitu ambacho hajawahi kumpa yeyote, na mimi nilikuwa napigana naye kimoyomoyo.

"Sikumbuki," nikamwambia Emi.

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja. Sikuwa nasikiliza."

Alingoja kidogo, labda nitakumbuka. Simu ilikuwa bado inarekodi kimya. Halafu akanyoosha mkono, akaizima.

Niliripoti mwenyewe ofisini Jumatatu iliyofuata. Kazi imeisha, na sitaruhusiwa tena kutunza mtu, ni sawa. Kule Burnsville jina langu liko kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia. Hiyo pia ni sawa. Uongozi wa maombezi nimeuacha, na hao wanaoniombea mgongo, Mungu awabariki, wanaombea kiungo kisichouma.

Wewe unayesoma haya, hasa wewe mwenzangu unayeingia nyumba za watu na funguo zao mkononi, nakusihi. Usiguse cha mtu kwa sababu kinakutisha. Ukikosea, sema siku ile ile, ukiwa umesimama pale pale ulipokosea, hata kama sauti inatetemeka. Na mzee akikuambia "kaa chini nikuambie," ewe ndugu yangu, kaa na umsikilize. Omba baadaye, ukishafika kwako.